Kimya cha Mama Aika

Jumamosi ile naikumbuka, mwanangu, kama vile unga bado umo puani mwangu. Nilikuwa msichana wa Buguruni, mwembamba, maneno mengi kuliko kimo, na nilikuwa nimekuja kurekodi wimbo wangu wa kwanza kwa Idi, Mungu amrehemu.

Idi tumemzika wiki iliyopita. Ninyi mnamjua kama prodyuza wa nyimbo za zamani, basi. Kwangu alikuwa mwalimu, kisha rafiki, na sasa nikisikia wimbo mbovu redioni sina wa kumpigia simu tukacheka. Inauma, sikufichi.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha uani hapa Kariakoo, kuta zimebandikwa magodoro makuukuu. Mlango wa pili alikuwepo Mama Aika, mama wa Kichaga, na mashine yake ya kusaga unga. Ikiwaka hiyo, hata mawazo yako huyasikii! Kwa hiyo kila tulipokuwa tayari kurekodi, Idi alitoka mwenyewe, hamtumi mtu, akavua kofia mlangoni kwa jirani. "Shikamoo mama. Naomba kimya kidogo." Mama anazima, wateja wananuna na magunia yao. Idi akirudi ndani husema, "Haya, twende," ndipo tunaimba. Na wimbo ukiisha, wa kwanza kuusikiliza ni yule mama, na unga wake masikioni.

Basi Jumamosi hiyo Idi alikuwa ameenda Posta kufuata kanda. Mimi nimekaa, sauti imepasha moto, mashine inanguruma tu. Uvumilivu ukanishinda. Nikatoka nikamkaripia mbele ya wateja wake: "Wewe mama, zima hilo dude lako! Watu tuna kazi hapa!" Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Mama Aika akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akamimina debe jingine la mahindi.

Idi aliporudi akaelezwa. Hakufoka, na heri angefoka. Alizima mitambo yake akaketi.

"Sauti unayo," akasema. "Lakini humu tunaimba kwa hisani ya yule mama. Kimya hakiuzwi sokoni, mdogo wangu, watu ndio wanaokupa. Wimbo wako siugusi mpaka akupe yeye mwenyewe. Na mimi sikuombei."

Nikatembea nalia hadi Mnazi Mmoja, na kwetu wala si njia hiyo. Nilikuwa nimeshautangazia mtaa mzima kwamba nitasikika redioni! Sasa ningeweka wapi uso wangu?

Jumatatu nikarudi, nikampigia magoti. "Shikamoo mama. Nisamehe." Akanipa ufagio. Nikafagia unga, nikashika midomo ya magunia, wateja walewale wakanicheka mpaka wakachoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hadi kiuno kikauma. Mpaka siku moja, foleni imejaa, mama akanyoosha mkono akaizima mashine.

"Nenda kaimbe, we mtoto. Na uimbe vizuri, watu wangu wanasubiri."

Nikaimba na unga kichwani. Ndio huo wimbo mnaouchezea harusini.

Wiki iliyopita msiba ulikaa uani palepale. Mashine siku hizi anaiendesha mwanawe Mama Aika, na asubuhi ile ilikuwa inanguruma, maana Kariakoo haimsubiri mtu. Jeneza lilipotolewa, Mama Aika, sasa bibi wa mkongojo, alitoka ndani, akampita mwanawe, akaizima mashine. Hakuna aliyemwomba. Fundi cherehani wa kibarazani akaondoa mguu kwenye pedali. Muuza redio wa ng'ambo ya barabara akazima spika zake. Mchana kweupe, Kariakoo hii hii, nikasikia kandambili za watu tu.

Kile kimya alichokiomba Idi maisha yake yote, siku hiyo alipewa bila kuomba. Nami, mjinga mimi, nikawa nasubiri sauti yake iseme, "Haya, twende." Haikusema. Nikamwangukia Mama Aika kifuani, nikalia mpaka kanga yake ikalowa.

Basi nisikilize, wewe unayetafuta jina Bongo hii. Kipaji ni chako, lakini kusikika unapewa na watu, na wengi wao hata jukwaa hawalijui. Waombe kwa adabu. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Ukishapata, rudi ukashukuru. Na anayekukemea kwa upole, mshike angali hai, kwa sababu siku akiondoka utamtafuta kila kona na humpati. Wema hauozi, nimeuona kwa macho yangu.

Mungu amlaze Idi pema. Nawe akupe sauti, na kabla ya sauti akupe majirani watakaokuzimia mashine. Lile neno la Idi halina tena wa kulisema, nitalisema mimi. Haya, mwanangu, twende.