Naam Niliyoitika Bila Kusikia

Kuna siku moja, mwanangu, hunirudia kila nikikaa barazani kwangu Mtoni baada ya sala ya alasiri. Hurudi bila sauti, kama kitu unachokitazama chini ya maji.

Unaniona nilivyo. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Stashahada yangu ya ufundi wa majokofu iko ukutani, ndani ya fremu, nimekuja nayo kutoka ugenini nilikokaa miaka kumi na tisa. Hoteli za Kendwa zikiharibikiwa na vyumba vya baridi hunipigia simu mimi, si mwengine. Sioni haya kujisifu, nimeyatolea jasho. Na watu wakiniuliza nani kanisaidia, huwajibu: hakuna. Leo nataka nikwambie kwamba hapo huwa nasema uongo.

Nilikuwa darasa la sita, skuli moja ya serikali karibu na Malindi. Nilishalirudia darasa hilo, na mwalimu mkuu alisema nikianguka tena, skuli basi. Nilikaa dawati la nyuma, dirishani. Maneno ya mwalimu yalinifikia yamelowa, hayana ncha. Wakati wa imla wenzangu wakiandika alichokisoma, mimi nilitazama vumbi likielea kwenye jua, nikaandika nilichokiota. Nilidhani kila mtu anasikia hivyo, ila wenzangu wana akili kuliko mimi.

Nyumbani mama akiniita nisiitike, hunivuta masikio. "Ukiitwa huitiki! Adabu umeiwacha wapi?" Basi nikajifunza ujanja. Nikiona tu mtu kanigeukia na midomo inacheza, hata hajamaliza, mimi "Naam!" Nikasifiwa mtaa mzima. Mzee Kanji wa duka la vitambaa akiwaambia wanawe, "Tazameni mtoto wa Bi Mwanaidi anavyoitika, nyinyi mnanijibu kwa mabega."

Siku hiyo kioo cha ofisi kilivunjwa kwa mpira. Mwalimu mkuu akaingia darasani, akatutazama, macho yake yakaishia kwangu. Midomo ikacheza.

"Naam!" nikaitika, kwa adabu zangu zote.

Darasa likacheka. Mimi niliona meno tu. Haji, niliyekaa naye dawati moja, akanipigia kelele usoni: "Umekubali, we! Kauliza nani kavunja kioo!"

Mwalimu mkuu alitaka kunifukuza siku ileile, lakini ilibidi kwanza nipite kwa mwalimu wa ushauri nasaha, Bi Rukia. Chumba chake kilikuwa stoo ya majembe zamani, na harufu ya udongo haijatoka. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba. Akaniuliza mambo matatu, yote nikayajibu naam. Kisha akainua daftari la mahudhurio, akaziba mdomo, yakabaki macho tu juu yake. Nikangoja. Aliposhusha daftari, akafungua mtoto wa meza, akatoa kipande cha halua.

"Nimekuuliza mara tatu kama unataka halua," akasema polepole, uso wake mbele yangu. "Hakuna mtoto wa Unguja anayeinyamazia halua. Wewe si mkaidi, baba. Wewe husikii."

Habari ya kioo akaimaliza yeye na mwalimu mkuu. Mimi akanipa barua nimpelekee mama, nikapimwe masikio hospitali. Na hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Barua niliificha chini ya mkeka. Niliona bora niitwe mjinga kuliko niitwe kiziwi. Wiki nne nikailalia, na mtihani unakaribia. Bi Rukia akiniuliza, "Mama keshasoma?" nilimjibu neno langu lilelile.

Alasiri moja akaja nyumbani kwa miguu, buibui limejaa vumbi. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Bi Mwanaidi, barua yangu umeipata?"

"Barua gani, mwalimu? Huyu kanivunjia kitu gani tena?"

"Hajavunja kitu. Mwanao hana ukaidi. Mwanao masikio yake mazito miaka, wala hajui kama mtu anaweza kusikia zaidi ya hivyo."

Mama akauweka ungo chini. Akanishika masikio yote mawili kwa viganja, polepole, kama anayashika kwa mara ya kwanza. "Masikio haya haya," akasema, "niliyokuwa nikiyavuta."

Nikapelekwa. Usaha wa miaka ukatibiwa, na sikio la kulia likatiwa kifaa kidogo tulichokipata kupitia skuli. Bi Rukia akanihamishia dawati la mbele, akawaomba walimu wasisome imla wakiwa wamegeukia ubao, akanisomesha mwenyewe baada ya masomo.

Jioni ya kwanza na kifaa changu nilijilaza ukumbini nimefumba macho. Nikasikia kucha za kunguru kwenye bati. Nikasikia ufagio wa jirani. Nikasikia khanga ya mama ikipita, sikuwahi kujua kwamba khanga ina sauti. Halafu kutoka jikoni, kwa sauti ya chini, bila kuniona wala mimi kumuona, akaniita: "Maulidi."

"Naam."

Akaja akasimama mlangoni, mikono ina unga.

"Umeniona?"

"Sikukuona, mama. Nimekusikia."

Mtihani nikapasi. Mengine ndiyo hayo ninayojisifia.

Juzi skuli ile ilinialika nizungumze na wanafunzi. Ile stoo ya majembe sasa ina kibao: Huduma kwa Wanafunzi. Yumo mwalimu wa ushauri nasaha, yumo mwalimu wa elimu mjumuisho, na siku maalumu huja muuguzi kupima macho na masikio. Lakini nikaona wanafunzi wanavyoupita mlango ule mbiombio, uso pembeni, wasije wakadhaniwa wana lao.

Mwanangu, usiupite. Kama ubaoni huoni, kama herufi zinakuchezea, kama nyumbani kuna jambo linakunyima usingizi, ingia useme. Ukipewa barua, ifikishe siku hiyohiyo. Usiseme naam kwa jambo usilolielewa ili uonekane una adabu, adabu haipungui ukisema, "Mwalimu, sikusikia." Na siku ukifika mbali, mbali kunishinda hata mimi, ukiulizwa nani alikusaidia, wataje. Mimi nimechelewa kumtaja wangu.

Mungu akupe mtu wa kukutambua hata ukijificha. Akufungulie kila mlango unaouogopa, na uishi uitwe kwa kheri, uitike ukiwa umesikia.