Hofu ya Lorene Tackett

Kwa miaka ishirini na sita Lorene Tackett amepika katika jiko la shule moja ya Oklahoma, na mjini wanamjua kwa mambo mawili: mdomo wake hauna breki, na chini ya kila bakuli lake kuna plasta yenye jina lake. Ukifiwa, ukiugua au mwanao akifungwa, Lorene atabisha hodi na kuku wake wa kuoka. Utakula, utaosha bakuli, utalirudisha. Asiyerudisha husemwa mpaka kanisani.

Mtu kama huyo, mahakamani walimwambia ajibu ndiyo au hapana tu!

Zamani, kabla ya kazi ya shule, alisimamia duka la kufulia nguo. Mchana mmoja Dewey Pruitt, wa miaka kumi na minane, akamwekea kisu tumboni na kudai funguo za gari. Alikamatwa hata kabla ya kuvuka daraja. Lorene alitetemeka mwezi mzima, lakini wiki ileile alimpelekea bakuli bibi yake Dewey, kwa sababu bibi hakumwibia mtu.

Miaka minne baadaye Dewey alisimama mlangoni kwake, katoka jela, bakuli linang'aa mikononi.

"Bibi alipofariki aliniachia agizo, mama. Samahani nimechelewa. Na samahani kwa lile jingine."

"Ingia ndani, mjinga wewe," Lorene akamwambia. "Umekonda kama ufagio."

Sasa Dewey, mtu mzima mwenye mvi, ameua. Alimpiga risasi jirani yake, Curtis Venable, kwa ugomvi wa uzio. Lorene hamtetei hata kidogo. Mjane wa Venable alipata bakuli lake siku ya pili, na Dewey, kwa maoni ya Lorene, azeekee gerezani. Ila mwendesha mashtaka, Bwana Hadley, alitaka auawe, na ili auawe ilibidi kithibitike japo kitu kimoja cha kuzidisha uzito wa kosa. Alileta vitatu: kwamba mauaji yalikuwa ya ukatili uliopindukia, kwamba maisha ya watu wengine yalihatarishwa, na kwamba Dewey alishawahi kufungwa kwa kosa la kumtishia mtu kwa silaha. Hicho cha tatu ndicho kilichomleta Lorene mahakamani, awe shahidi.

Alikuja na lile bakuli ndani ya mfuko wa kitambaa. Askari wa mlangoni akalizuia.

"Kioo, mama. Kinaweza kuwa silaha."

"Silaha? Hilo limelisha harusi na matanga kabla hujazaliwa!"

Ukumbini Bwana Hadley alimuuliza kwa sauti tamu kama ya mchungaji.

"Aliweka kisu tumboni mwako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Uliogopa kufa?"

"Ndiyo. Lakini sikiliza..."

"Inatosha, Bi Lorene."

Lorene akamgeukia wakili wa Dewey, yule wa kupewa na serikali, ambaye asubuhi yeye Lorene alimsimulia habari yote ya bakuli. Wakili akatazama karatasi zake. "Sina swali, Mheshimiwa." Aliuogopa mdomo wa Lorene, eti usije ukaharibu kesi!

Lorene alichemka. "Alilirudisha!" akapaza sauti. "Alikuja mwenyewe akaniomba radhi, nami nikamsamehe!"

Jaji akagonga meza, akawaambia wale raia kumi na wawili walioteuliwa kuamua hukumu wayasahau waliyoyasikia. Hofu ya Lorene waikumbuke, msamaha wake wausahau. Hiyo ndiyo haki ya watu waliosoma.

Kesho yake fomu ya uamuzi wao ikasomwa. Ukatili uliopindukia: haukuthibitika. Kuhatarisha wengine: hakukuthibitika. Kosa la zamani: limethibitika, wote kumi na wawili. Kimoja kilitosha. Dewey akahukumiwa kifo.

Lorene alikuwa mlangoni, bakuli limerudi mikononi, Bwana Hadley alipomfuata na mkono ulionyooshwa.

"Asante sana, mama. Bila wewe tusingefika popote."

Hakuupokea mkono.

"Usinishukuru. Nirudishie."

"Nikurudishie nini?"

"Hofu yangu. Niliogopa mimi, nikamaliza mimi. Nyie mmeichukua bila kuniuliza, mmekwenda kuulia mtu." Akamgeuzia bakuli aione ile plasta yenye jina. "Hata Dewey alijua kurudisha kitu cha mwenyewe."