Koti la Kwendea Japani

Juzi, kwenye mitumba ya Daraja Mbili, nilimkuta mama mmoja amevaa koti zito huku jasho likimtiririka. Binti yake anajifungulia Japani, na huko sasa theluji inaanguka.

"Hili litanitosha?" alimuuliza muuzaji, kijana aliyewahi kubebea watalii mizigo Mlima Meru.

"Peke yake hapana, mama. Anza na fulana ya kubana, halafu sweta, koti liwe la mwisho."

Mama akafungua zipu, akakunja mkono kifuani kama anayepakata kitu.

"Sweta litaingia. Na mjukuu je?"

Kijana akacheka, akamletea kubwa zaidi. Nikabaki najiuliza kama Wajapani wana jina la saizi hiyo.