Mpishi Aliyeifuata Friji

Mimi si mtu wa kuona mambo. Waulize majirani zangu hapa Mabatini; nikisikia habari za mizimu nacheka hadi kanga inanidondoka. Kwa hiyo nikikuambia jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, niamini tu tuendelee.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano ilitakiwa ikae kwenye baridi siku zote. Baridi utaitoa wapi Mwanza? Kaka yangu alikuwa dobi, akanipeleka kwa mzungu mmoja ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo, aliyekuwa anauza friji mbili za mafuta ya taa ili arudi kwao. Moja ilikuwa mpya, inang'aa. Nyingine ilikuwa kuukuu, imechubuka rangi. Kaka akaishika ile mpya. Mimi nikapiga magoti nikachungulia bomba la moshi la kila moja. La ile mpya lilikuwa limejaa masizi. La ile kuukuu lilikuwa safi, huwezi kuchafua hata kidole. Nikachukua kuukuu. Kitu cha moto hakichaguliwi kwa rangi, na hilo nalisema hadi leo.

Lakini kuitunza nilikuwa sijui. Sisi tumelelewa na mtungi, na mtungi ukitaka maji yapoe unauweka penye upepo. Basi na friji nikaiweka dirishani, upepo wa ziwa uipige vizuri! Siku ya tatu moto ulikuwa wa njano, dari imekuwa nyeusi, barafu yote maji. Kichupa cha dawa kilikuwa kimoja tu, na kilikwisha kuanza kupata joto. Mama alikuwa kitandani, midomo imemkauka. Niliogopa, sikufichi.

Alasiri hiyo, siku ya Ijumaa, nikasikia hodi mlango wa uani. Alikuwa mzee mrefu, amevaa aproni nyeupe, miguu mitupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Magesa, mpishi. Nimekuja kuiangalia friji. Niliitunza mimi kule kwa bwana."

Nikajua kaka kamtuma. Nikamkaribisha, nikafunga mlango kwa komeo kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Alipoiona friji pale dirishani akacheka.

"Nani kakuambia huu ni mtungi?"

Akaisukuma peke yake hadi kwenye kona isiyo na upepo. Friji hiyo ilibebwa na wanaume wanne kuingia ndani! Akaweka bakuli la maji juu yake, akachomeka vipande vya boksi chini ya mguu mmoja mpaka maji yakalala sawa. Akazima moto, akakata utambi. Kisha akalishika bomba kwa kiganja kitupu, bomba lililokuwa limeniunguza vidole asubuhi ile.

"Mzee, utaungua!"

"Siungui tena, mwanangu," akasema, huku analifuta polepole.

Na mimi, hata sikushtuka. Nilikwenda kumchemshia chai! Niliporudi na kikombe, moto ulikuwa wa buluu, umetulia, na mzee hayupo. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Kaka alipokuja jioni nikamshukuru kwa kunitumia Mzee Magesa. Akakaa chini sakafuni.

"Dada, Magesa tulimzika mwezi uliopita. Nilishika jembe mwenyewe. Ndiyo maana bwana alinunua ile nyingine, hakuna aliyeweza kuitunza hii."

Akataka itolewe nje saa hiyo hiyo. Sauti ya mama ikatoka chumbani.

"Iacheni. Ninyi mlio hai mmenisaidia nini?"

Ikabaki. Asubuhi maji yalikuwa yameganda, na kichupa kilikuwa baridi mkononi.

Tangu hapo, kila Ijumaa alasiri nilifungua mlango wa uani nikaenda kukaa kwa jirani. Nikirudi nakuta bomba limefutwa. Sikuwahi kuchungulia. Uhuru ukatukuta, mama akanywa maji ya ndimu yenye barafu, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Aliishi miaka sita ambayo daktari hakuitegemea.

Kisha asubuhi moja nikaenda kuchukua dawa yake. Moto ulikuwa umezimwa. Utambi ulikuwa umetolewa, umesafishwa, umelazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri. Sikugusa kitu. Nilikwenda chumbani kwa mama, nikamkuta amekwisha kupoa, nikamfumba macho.

Basi wewe unayetaka friji ya mafuta iliyotumika, uliza ilitunzwa na nani. Ukiambiwa amekufa, inunue bila wasiwasi, hutapata iliyo bora zaidi. Ila siku ukiamka ukaikuta imezimwa na utambi umesafishwa, usihangaike kutafuta kiberiti. Waite ndugu.