Msusi wa Merrylands na Mlima Wao

Msusi huyu Mngazija wa mtaa wa Merrylands akiutaja mlima wao wa volkano, Karthala, lazima ainue kitana juu na kunguruma, hadi saluni nzima ivunjike mbavu. Kwake mlima ule ni mama mkwe: "Akikohoa, unamshangilia, asije akanuna!" Leo Nella, bibi harusi, alikuwa amesukwa nusu kichwa, dadake msusi alipopiga simu kutoka kisiwani kwao: mlima unafuka moshi, watu wanasoma dua. Msusi akapiga kigelegele. Wateja wakakipokea, Nella akicheka mpaka machozi. "Tulia basi, bibi harusi, nikumalize!" Vidole vikarudi kichwani. Nella akavihisi: vya baridi, vinatetemeka. Naye akapiga kigelegele kingine, kirefu kuliko cha kwanza, mpaka vidole vikatulia.