Mtani Wangu wa Treni ya Barking

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka jana, nilimpoteza mtani wangu. Alikuwa Mfilipino, mwenye mke na mabinti wawili, na tulifanya kazi pamoja katika hospitali moja ya London mashariki, kazi ya kusukuma wagonjwa kutoka wodi hadi wodi. Alirudi nyumbani asubuhi kutoka zamu ya usiku, akala wali na samaki mkavu, akalala. Mkewe alipokwenda kumwamsha mchana, hakuamka. Walisema ni moyo. Mimi nilipata habari nikiwa nimeshika kitanda chenye mgonjwa. Msimamizi aliniambia nikiache palepale. Sikukiacha. Nilimfikisha yule mama chumba cha eksirei kwanza, halafu nikaenda chooni nikajifungia.

Tangu Januari tulikuwa hatuzungumzi, na sababu ilikuwa mdomo wangu.

Tulizoeana kwenye treni. Sote tulikuwa tunakaa Barking, mashariki kabisa mwa jiji, na ile treni inaanzia pale, kwa hiyo ukiwahi unapata kiti. Tulikaa behewa la mwisho. Yeye alikuwa na kawaida ya kufungua chakula chake cha mchana saa kumi na moja na nusu alfajiri, ananisukumia kifuniko chenye robo ya wali, na hakuna namna ya kukataa. Aliniita kuya, maana yake kaka mkubwa, ingawa nilimzidi umri kidogo tu. Tulizungumza Kiingereza chetu cha kuungaunga. Mimi shule niliishia darasa la saba, Tabora, na yeye alikuwa hodari kuliko mimi, lakini alikuwa akipunguza mwendo ili tuwe sawa.

Siku moja nilimweleza habari za utani. Nilimwambia kwamba sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu, kwamba mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakucheka sura, akachukua kofia yako akaondoka nayo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Alicheka mpaka watu wakageuka kututazama.

"Kwa hiyo huwezi kumkasirikia kabisa?"

"Kabisa. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa."

"Basi mimi nataka kuwa Mzaramo," akasema.

Kesho yake alinikuta kwenye jukwaa la treni. "Mtani! Umekuja tena na sura ileile ya jana? Duka halikukubali kuibadilisha?" Nikamjibu kwamba viatu vyake vya mpira wa kikapu vimeanza kupokea pensheni. Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka minne hivi, asubuhi kwa asubuhi.

Nilichosahau ni kumuuliza kwao mambo ya utani yakoje. Tena aliwahi kunigusia mwenyewe. Binamu yake alifukuzwa kazi, akakaa miezi akivaa sare na kutoka nyumbani kila siku ili majirani wasijue. Nilimcheka huyo binamu. Yeye hakucheka. Alisema kwao aibu haimkai mtu mmoja, inaikalia nyumba nzima. Nilisikia, nikaendelea kula wali wake.

Kwenye treni hiyohiyo ndiko alikoniambia habari za kadi. Alikuwa na kadi tatu za mkopo, na moja ilikuwa inalipa nyingine. Hakuwa mtu wa anasa. Paa la mama yake liling'olewa na kimbunga, mpwa wake alikuwa chuoni, na kila Krismasi lilipaswa kwenda boksi kubwa la sabuni, kahawa, chokoleti na viatu, maana mtu wa London hawezi kutuma boksi lililojaa nusu. Mkewe hakujua. "Nitalimaliza deni kabla hajajua," alisema. Nikamwambia sawa.

Jumapili Wafilipino wa pale kwetu walikuwa wakikodi ukumbi wa shule huko Stratford na kucheza mpira wa kikapu. Wanaupenda mchezo ule kuliko tunavyopenda sisi soka. Wafupi, wanene, wenye magoti mabovu, wote wanaingia uwanjani na jezi zenye namba. Wake na watoto wanakaa pembeni na masufuria ya chakula. Mimi nilikuwa naenda kushangilia na kula.

Jumapili ile ya Januari mtani wangu alicheza vibaya. Alikuwa ameunganisha zamu, miguu haikumtii, na kila akipata mpira alikuwa anang'ang'ania, hatoi pasi. Wakati wa mapumziko wakaja wote kwenye chakula, na mmoja wao, jamaa mrefu aliyekuwa nahodha, akamwambia kwa mzaha, "Wewe mpira umeuoa?"

Nami nikadakia. Nilisema kwa sauti, ili kila mtu asikie:

"Mwacheni! Mpira ndio kitu pekee ambacho benki haijaja kumdai. Kadi tatu zimemkaba shingo, mnataka awape na pasi?"

Watu wakacheka. Nikaona bado, nikaongeza kwamba kipindi cha pili ataenda kukopa pumzi.

Yeye pia alicheka. Alicheka kwa nguvu kuliko wote, na mimi nikangoja zamu yake ya kunijibu, maana ndivyo utani unavyokwenda, nimpige naye anipige. Alikuwa na mengi ya kunisema. Akachukua mpira, akarudi uwanjani peke yake. Mkewe alikuwa akipakua mchuzi. Aliweka upawa chini, akafunika sufuria, na nahodha akasimama pale na sahani yake tupu.

Jumatatu hakuwa kwenye behewa la mwisho. Nilidhani amechelewa. Jumanne nilimwona kwenye jukwaa, akanipungia mkono kwa adabu, akaingia behewa lililotangulia. Mlango uliounganisha mabehewa ulikuwa na kioo, na nilikuwa namwona kisogo. Ikawa hivyo kila siku. Kazini alisema habari za asubuhi na asante, kama unavyomwambia mgeni. Aliacha kuniita kuya. Nikasikia ameomba zamu za usiku, zinalipa zaidi, na baada ya hapo hata kisogo nikawa sikioni.

Nilikuwa na nafasi nyingi za kumfuata. Niseme ukweli kwa nini sikumfuata. Nilikuwa nimenuna. Nilijiambia, mtani haombwi radhi. Ukiomba radhi kwa utani umekiri kwamba ulikuwa tusi. Nilijiambia atachoka mwenyewe, atakuja siku moja na neno la kunikomoa, nami nitacheka, yataisha.

Baada ya kifo, wenzake waliniambia kuna sala nyumbani kwake jioni tisa mfululizo. Nilipitisha za mwanzo. Sikujua kama nina haki ya kukaa na watu wake. Hicho ndicho kitu kilichonisumbua, kuliko hata huzuni yenyewe. Kwetu mtani ndiye anayetakiwa msibani kuliko mtu yeyote, na mimi nilikuwa naogopa mlango.

Nilikwenda jioni ya mwisho. Nyumba ilijaa. Sebuleni palikuwa na picha yake na mishumaa, jikoni watu walikuwa wanakula, na chumba cha nyuma wanaume walikuwa wanacheza karata na kucheka. Niliposikia kicheko kile nikakumbuka nyumbani, nikapata moyo kidogo. Mkewe alikuwa amesimama karibu na jokofu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Shemeji," nikasema, kisha nikamweleza kwamba yale ya ukumbini yalikuwa mazoea ya kwetu, na kwamba sikukusudia.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Aliniambia habari za utani wenu," akasema. "Usiku ule ule. Alinieleza na kadi zote. Tulilia, halafu tukapanga jinsi ya kulipa. Hilo limekwisha."

Nikashusha pumzi. Nilidhani amemaliza.

"Kilichoniuma ni kwamba wewe ulijua kabla yangu. Na yeye kilichomuuma ni kingine. Alihama behewa ili uende kumuuliza. Kila akirudi kazini namuuliza, kuya amekuja? Ananiambia bado." Akanitazama. "Lilikuwa behewa moja tu. Mbona hukwenda?"

Mtu akamwita, sala inaanza, akaenda.

Mimi ni Mwislamu. Nilikaa kiti cha nyuma nimeinamisha kichwa wakati wanasali, na kwa lugha yangu nilimwombea. Ilipokwisha nikaaga. Nilimpa mkono mkewe, akaupokea. Kisha nikaelekea mlangoni, na hakuna aliyenyanyuka. Sisi mgeni hatumwachi atoke peke yake, hata kama mmegombana unamsindikiza japo hatua chache. Nilivaa viatu pale mlangoni peke yangu na kufungua mlango peke yangu, na nikajua nimepewa jibu.

Nilikuwa nimefika kwenye geti pale dirisha la jikoni lilipofunguliwa. Alikuwa shangazi yao mmoja, bibi mzee mwenye sweta la kijani.

"Wewe Mwafrika! Usichukie. Siku za msiba hatumsindikizi mtu, ni mkosi. Na usiende nyumbani moja kwa moja, roho ya marehemu itakufuata mpaka kwako. Pita mahali kwanza!"

"Nipite wapi, bibi?"

"Popote! Kula kuku!"

Akafunga dirisha. Kwa hiyo nilipita kwenye duka la kuku na chipsi karibu na stesheni, nikaagiza chai, nikakaa meza ya viti viwili. Muda si mrefu wakaingia wale wa karata, watano au sita, nao wamekuja kupita mahali. Nahodha alikuwa miongoni mwao. Walinisalimia kwa vichwa, wakajazana meza ya pembeni, na viti havikuwatosha. Nahodha akaja kwangu, akashika kile kiti kilichokuwa mbele yangu.

"Kuya, hiki kina mtu?"

"Hapana," nikasema. "Hakina."

Akakinyanyua, akakipeleka kwenye meza yao, akakaa.