Kifungo cha Koti la Baba

Mtu wa kwenye picha ile ya sinema haanguki koti likiwa wazi. Hiyo ndiyo kanuni yake. Ni mhudumu wa hoteli, amebeba sinia la vikombe begani, na sakafu imepigwa dawa hadi inang'aa. Anapojua kwamba mguu umeshateleza na hakuna tena namna, mkono wake mmoja unashuka taratibu, unafunga kifungo cha juu cha koti, ndipo anakwenda chini na vikombe vyake vyote. Anainuka, anajipangusa, anafungua kifungo, anabeba sinia jingine. Hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayesema.

Baba yangu aliiona picha hiyo akiwa kijana, siku gari la sinema lilipofika Newala na kutandaza shuka jeupe uwanjani. Alisimulia kwamba ilitangulia picha nyingine yenye maneno mengi, na bibi zake waliokuwa hawajui Kiswahili wakawa wanasinzia. Ilipoingia hii ya bubu wakaamka. Wamakonde, Wamakua na Wayao wakacheka mahali pamoja kwa wakati mmoja, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Baba alirudi kijijini kwetu Mnyambe na ule mwanguko mwilini mwake, na hakuuacha tena.

Alianguka kwenye harusi. Alianguka kwenye misiba, kwa kuwa kwetu mtani ana ruhusa ya kuchekesha watu hata maiti ikiwa ndani, na baba alikuwa mtani wa ukoo mkubwa. Aliingia uani amebeba ungo badala ya sinia, na koti lake la mtumba alilolivaa tangu kipupwe hadi kipupwe, akawapita waombolezaji kwa heshima zote, akateleza pasipo na utelezi, mkono ukashuka, kifungo kikafungwa, chini. Nimewaona wajane wakicheka na machozi bado mashavuni. Nilipokuwa mdogo nilimwambia kila siku, "Baba, tena," na siku zote alianguka kwa namna ileile, na siku zote tulicheka. Sijui kwa nini haikuchosha. Labda kwa sababu tulijua atainuka.

Mimi sikurithi kitu kwake. Ni mwoga, na ukali wangu wote ni woga uliovaa nguo nyingine. Nafundisha shule ya msingi Masasi, na wanafunzi wangu wanadhani simuogopi mtu.

Msimu wa korosho wa mwaka juzi nilikwenda Mnyambe kuwasaidia wazazi kuokota. Asubuhi moja tulikuwa uani, mama na mimi tumekaa kwenye mkeka tunachagua korosho, na bibi mmoja jirani, wa ule ukoo tunaotaniana nao, amekuja kutusaidia, au tuseme kumsumbua baba. Baba akatoka ghalani amebeba ungo umejaa. Hatua ya tatu akayumba.

"Haya, ameanza!" akasema yule bibi, akapiga makofi.

Nikatoa simu nikaanza kumrekodi. Baba akayumba tena, ungo ukainama, korosho zikamwagika zote. Mama akasema, "Mzee, korosho hizo utaziokota mwenyewe!" Baba akakaa chini katikati ya korosho, akaupinda mdomo upande mmoja. Tukacheka zaidi. Ule mdomo ulikuwa jambo jipya, tukadhani ameongeza. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilimsogelea na simu ili nimpate vizuri usoni, na nikiwa karibu hivyo ndipo nikaona mate yanamtoka na jicho moja linanitazama kwa hofu.

Kilikuwa kiharusi. Watu wote wa duniani wakimwona mzee wao anayumba humkimbilia. Sisi tulimpigia makofi.

Tulimpakia kwenye bajaji hadi hospitali, na Mungu alisaidia, hakufa. Lakini mkono wa kushoto ulibaki umelala kama si wake, na maneno yakawa yanatoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Daktari alituita mama na mimi pembeni. Akasema shambulio la pili linaweza kuja wakati wowote, na huwa baya kuliko la kwanza. "Mkiona anayumba, mkiona mdomo, mkono, msikae. Mleteni saa hiyohiyo."

Nilimwambia kwamba tumeelewa. Sikumwambia kwamba kwetu kuyumba ni kazi yake.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilihamia Mnyambe kila likizo na kila mwisho wa wiki nilioweza kupata usafiri. Kikombe kikianguka jikoni, mimi nimeshafika mlangoni. Baba akipiga chafya, nasimama. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi majani yalinijaa nyumba nzima. Niliweka amri kwamba mzaha wa kuanguka umekwisha, hata kuutaja. Mama alininong'oneza, "Mwanangu, huyu si mtoto wa shule."

Kisha ikaja aibu yangu. Yule bibi mtani alikuja kumjulia hali mgonjwa kama desturi inavyotaka, akaketi mbele ya baba, akaupinda mdomo wake vilevile kama wa baba, akasema, "Wewe mzee, mdomo wako umekwenda kulisalimia sikio? Urudishe, watu wanakula!"

Baba alianza kutabasamu. Naapa nililiona hilo, lakini nililiona baadaye, kwenye kumbukumbu. Wakati ule niliona mdomo uliopinda tu, nikampigia kelele mwanamke mwenye umri wa bibi yangu, nikamwambia atoke, nikamwambia mzaha mzaha hutumbuka usaha na yeye ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Akainuka polepole. "Mtani hakasirikiwi," akasema, si kwa hasira, akaenda zake. Mama alifunika uso kwa kanga. Baba alitazama ukuta, na siku hiyo hakula.

Baada ya hapo akaanza kunyauka. Mtaalamu wa mazoezi alimpa kazi moja kwa mkono wa kushoto, kufunga na kufungua vifungo vya shati, asubuhi na jioni. Baba alikataa. Mpira aliuminya, kamba aliivuta, lakini ukimwekea shati mapajani alilisukuma hadi chini. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Alifumba macho. Mkono usipofanyishwa kazi hufa, mtaalamu alisema, na mgonjwa aliyekata tamaa hamalizi mwaka. Niliogopa hilo kuliko shambulio la pili la daktari, maana la pili lingekuja lenyewe, na hili niliona tunamletea sisi.

Nilirudi Masasi shule zilipofunguliwa. Siku moja mchana, ofisini hakuna mtu, nikaifungua ile video. Nilikuwa sijawahi kuitazama wala kuthubutu kuifuta. Nilijua siwezi kusikia kicheko chetu, kwa hiyo nikazima sauti kwanza.

Bila sauti ilikuwa kitu kingine. Kumbe kicheko chetu kilikuwa kimejaa masikioni mwangu miezi yote, kikafunika alichokuwa akisema baba. Sasa nilimwona. Anayumba, mkono wa kulia unang'ang'ania ungo, wa kushoto unaning'inia. Anakaa. Koti limeachama kifuani, kifungo hakikuguswa.

Nikairudia. Kifungo hakikuguswa.

Miaka yote ile, misiba yote ile, hajawahi kuanguka koti likiwa wazi. Siku moja tu, na alitupa ishara iliyo wazi kuliko kupiga yowe, nasi tulikuwa tumeshaanza kucheka. Nililala juu ya madaftari ya watoto nikalia. Lakini nilipoinua kichwa nilikuwa na kitu ambacho daktari hakunipa, njia ya kutofautisha. Na hapo nikaelewa pia kuhusu shati. Kifungo kwake hakikuwa zoezi. Kilikuwa mwanzo wa kuanguka, na mimi nilikuwa nimepiga marufuku kuanguka nyumbani kwake.

Mjini kuna kijana anayeingiza picha kwenye memori kadi. Nilimweleza: hoteli, sinia, mtu anayefunga kifungo, hawaongei. Alinicheka. "Mwalimu, hiyo ya bubu? Hii hata wanangu wanaitaka." Akaniwekea.

Jumamosi nikafika Mnyambe na jogoo mkononi, maana anayemkasirikia mtani hutozwa faini. Nikaenda kwanza kwa yule bibi. "Shikamoo bibi." Alinitazama mimi, akamtazama jogoo. "Marahaba. Jogoo mwenyewe kakonda kama hasira zako," akasema, akampokea, akajifunga kanga, akanifuata.

Tuliketi uani kwenye mkeka, wanne, mchana kweupe, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Baba hakutaka kutazama. Kisha yule mhudumu akatokea na sinia lake, na baba akanyamaza mwili mzima. Mguu ukateleza, mkono ukashuka, kifungo. Mama akacheka kwanza. Bibi akafuata. Baba akacheka upande mmoja wa uso, na mimi nilikaza macho kwenye huo upande mwingine, nikihesabu, mdomo, mkono, mdomo, mkono. Picha ya zamani kuliko baba mwenyewe, na watu watatu wanaifia kwa kicheko, na mimi bado nahesabu.

Ilipoisha baba akainuka. Alichukua fimbo, akaelekea ghalani.

"Mwendo gani huo?" bibi akampigia kelele. "Mwenzio alibeba vikombe, wewe hata kikohozi hubebi!"

Hatua ya tatu akayumba.

Nilikuwa nimeshasimama, nimeshapiga hatua, jina la dereva wa bajaji liko mdomoni, bibi akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu. "Tazama," akasema.

Nikatazama koti. Lilikuwa wazi. Baba ameinama upande, fimbo inatetemeka, na moyo wangu unaniambia kimbia, kimbia, mjinga wewe, mara ya pili hii. Kisha nikauona mkono wa kushoto. Ulikuwa unapanda. Ulipanda kama mtu anayepandisha ndoo kisimani, ukakifikia kifungo cha juu, vidole vikakipapasa, vikakikosa. Vikajaribu tena, vikakosa. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amejiziba mdomo. Mara ya tatu kikaingia, kwenye tundu lisilo lake, koti likapanda upande mmoja hadi shingoni.

Baba akaanguka.

Aliangukia mkeka, kwa matako, kwa heshima zote. Bibi na mama hakuwaangalia. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo umepinda, anasubiri.

"Cheka," akasema. Neno zima.

Nikaketi mkekani kando yake. Nikacheka.